Mtandao wa Watu Wawili

Jina la Bi Sentimita alipewa na wateja, na halikuwa la sifa tupu. Ukimwomba meza ya kulia ya watu sita, atakuuliza watu hao ni wanene au wembamba, na kama kuna anayekaa kwa kunyoosha miguu. Halafu atakukalisha kwenye kigoda akupime wewe mwenyewe, goti hadi sakafu, bila kukuomba radhi. Wapo walioona huo ni usumbufu, wakaenda kununua meza za dukani, zile ambazo ukiziegemea zinalia. Wengi walirudi, na hakuwacheka mbele yao. Alisubiri waondoke.

Useremala aliupata kwa Babu Randa, mzee mfupi mwenye vidole vinane, aliyempokea akiwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuja kuuliza kama kuna kazi ya kufagia. Alifagia maranda miezi minne. Mwezi wa tano mzee alimpa msumeno, akamwambia, "Binti, wewe unaangalia sana. Mtu anayeangalia hivyo anapoteza muda na ufagio." Miaka ishirini na minane baadaye karakana ilikuwa ya binti, na Babu Randa, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtoroka, ndiye aliyekuwa mfanyakazi wake. Wote wawili waliona mambo yako sawa hivyo.

Karakana ile ilikuwa na wazimu wake mmoja. Utepe wa kwanza wa Babu Randa, wa chuma, ule unaojikunja wenyewe, ulikatika ncha zamani sana, sentimita ya kwanza ikapotelea kwenye maranda. Mtu mwenye akili timamu angenunua mwingine. Babu Randa aliendelea nao, akianzia moja badala ya sifuri, na alipokuja kununua wa pili aliukata ncha kwa mkasi wa bati ili usigombane na wa kwanza. Bi Sentimita alirithi karakana, akarithi na tabia. Tepe zote tano mle ndani zilianzia moja. Kwenye michoro yake aliandika kile ambacho utepe ulisoma: mlango wa sentimita sitini aliuandika sitini na moja, na anayekata naye alipima kwa utepe wa aina hiyohiyo, ubao ukatoka sitini kamili. Mgeni angecheka. Lakini mgeni hakuruhusiwa kushika utepe.

Sasa, Bi Sentimita alikuwa na mdogo wake mmoja. Mama yao alimzaa uzeeni, wakati majirani walikuwa wamekwisha kumhesabia kuwa amemaliza, na ndiyo sababu nyumba nzima ilimwita Mziwanda mpaka jina lake lenyewe likabaki la shuleni tu. Baba yao alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Siku ya arobaini mama alimshika Mziwanda mkono, akaukabidhi kwenye mkono wa dada yake, akasema, "Huyu ni wako." Bi Sentimita hakuwahi kulichukua neno hilo kwa mzaha. Alimlea Mziwanda kama yai. Sare zake, viatu vyake na masomo yake ya kompyuta vilitoka kwenye miguu ya viti. Yeye mwenyewe hakuzaa, na watu walipomuuliza watoto wangapi alijibu, "Ninaye mmoja, alizaliwa na mama yangu."

Mziwanda hakuwa mtu wa mbao. Vumbi lilimpigisha chafya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Lakini alikuwa na ulimi wa asali, na karakana yoyote inahitaji mtu mmoja anayejua kucheka na mteja ambaye kitanda chake kimechelewa. Basi alikaa chumba cha mbele, na laptopu na printa yake. Dada alikaa uani na mashine. Kati yao kulikuwa na ukumbi mrefu uliojaa vitanda na makabati yanayosubiri wenyewe, na shida yote ilikuwa kwenye ukumbi huo. Mchoro ulichorwa uani juu ya boksi au mgongo wa kalenda, ukapelekwa mbele ili uingizwe kwenye kompyuta, ukafika huko na gundi, na alama ya kiatu, mara nyingine nusu.

Mziwanda ndiye aliyeleta tableti. Ilikuwa ya mitumba, na kalamu yake. Dada yake aliishika siku mbili kwa mashaka, siku ya tatu akaanza kuchora, na ya nne hakutaka mtu aiguse. Tatizo likawa jinsi ya kuitoa michoro humo. Tundu la waya lilikwisha kujaa unga wa mbao, likabaki linapitisha chaji tu, wameuchokonoa kwa sindano mpaka wamechoka, na karakana haikuwa na intaneti.

"Dada, hatuhitaji intaneti," Mziwanda alisema. "Hivi viwili vinaweza kuongea vyenyewe."

"Vitaongea kupitia wapi?"

"Hewani. Laptopu inatengeneza mtandao wake yenyewe, tableti inaingia humo. Hakuna mtu wa katikati. Mimi na wewe tu."

Ilimchukua siku tatu. Siku ya kwanza laptopu ilitangaza mtandao wake na tableti ikajifanya kipofu. Siku ya pili tableti iliuona, ikaingia, halafu ikabaki inazunguka pale pale, inatafuta anwani. Mziwanda alieleza kwamba kwenye mtandao mkubwa kuna mashine ya kugawa anwani, na huku kwao hakuna, kwa hiyo kila chombo lazima kipewe namba yake kwa mkono. "Namba zifanane zote, isipokuwa ya mwisho," alisema, akiandika. "Kama sisi, ukoo mmoja, watu wawili." Siku ya tatu kikawa kisa cha ulinzi wa laptopu, ambao ulikuwa unakataa kila anayebisha hodi. Akaufungulia folda moja tu, folda ya michoro. Akaweka na sharti kwamba asiingie mwingine: nafasi moja, chombo kimoja. Neno la siri walilijua wao wawili.

Bi Sentimita alichora kigoda, akabonyeza, akavuka ukumbi mbio na aproni yake. Kigoda kilikuwa kwenye kioo cha laptopu, mistari yote, hata namba zake. Mtandao Mziwanda aliuita Ndugu Wawili. Kila asubuhi alipoingia, tableti ilimpa onyo kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, ikamuuliza kama anataka kuendelea hivyohivyo. Wengine huudhika na maneno hayo. Yeye yalimfurahisha. Yalimaanisha kwamba kinachotoka mkononi mwake kinafika kwa mdogo wake na kinaishia hapo.

Mwaka na nusu ulipita hivyo, na kwa kweli ulikuwa mwaka mzuri. Tusimnyime Mziwanda hilo.

Siku moja alikuja muuguzi mstaafu, mama mnyoofu, ambaye hakuwahi kuwa mteja wao. Alikuwa amenunua kabati la nguo kwenye karakana mpya upande wa pili wa soko, na milango yake haifungi, na droo zake zinaingia kwa kupigwa teke. Wenyewe walikuja mara mbili, wakakwangua, wakaondoka.

"Nimeambiwa wewe hukosei," alimwambia. "Njoo unitazamie kama ni la kutengeneza au la kuni."

Bi Sentimita alikwenda na sanduku lake la vifaa, moyo mwepesi, maana hakuna seremala asiyefurahia kidogo kuona aibu ya mwenzake. Alipoingia chumbani alisimama mlangoni. Aliujua mguu wa kabati lile. Ulikuwa umepinda kwa ndani kidogo halafu ukatoka, mguu ambao yeye alikuwa ameuchora, akaufuta, akauchora tena zaidi ya mara kumi, na mpaka siku ile hajaridhika nao. Ndiyo sababu kabati lenyewe hajalitengeneza. Halikuwahi kukatwa ubao. Halikuwahi hata kuchapishwa kwenye karatasi.

Alijiambia kwamba watu hufanana mawazo. Akatoa utepe, akapima mlango wa kushoto. Umezidi sentimita moja. Wa kulia, umezidi moja. Kabati lenyewe kwa upana limezidi moja, na hapo ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu milango miwili iliyozidi moja moja haiingii kwenye kabati lililozidi moja. Alipiga magoti akapima droo. Moja. Moja. Moja. Fundi mzembe hukosea huku na huku, nusu hapa, robo pale. Huyu aliyelitengeneza hili hakukosea hata mahali pamoja. Alifuata kila namba kama ilivyoandikwa, kwa utepe mzima unaoanzia sifuri.

"Limeharibika sana?" muuguzi aliuliza.

"Hapana, mama. Linatengenezeka." Alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alikuwa anahesabu, na si sentimita. Mchoro ule ulikuwa sehemu mbili tu duniani: kwenye tableti, ambayo alilala nayo chini ya mto, na kwenye laptopu.

Ukitaka kujua mtu anampenda mtu kiasi gani, mtazame anavyomtafutia mshitakiwa mwingine. Njia nzima ya kurudi Bi Sentimita alitafuta. Labda jirani, yule wa duka la rangi, mwenye simu tatu. Labda kuna mjanja aliyesimama barabarani akaudaka mtandao hewani, maana si hewa ina matundu? Labda mteja aliyeachwa peke yake chumba cha mbele. Alimtaka mwizi kwa moyo wake wote. Angemkumbatia.

Kesho yake Mziwanda alipotumwa kufuata bawaba, Bi Sentimita alimwita fundi wa kompyuta, dada mmoja mtulivu mwenye kibanda mtaa wa nyuma, akamwambia anataka kujua kama mtu wa nje anaweza kuwa aliingia kwenye mtandao wao. Fundi aliivuta laptopu, akafungua hiki, akafunga kile, akasoma kimya.

"Aliyeutengeneza huu ni mtu makini," alisema. "Ameuwekea nafasi moja. Tableti yako ikiingia, mlango umejaa. Na humu imeandikwa kila kilichowahi kuingia."

"Vingapi?"

"Kimoja. Hicho ulichoshika."

"Labda mwizi alifuta nyayo zake."

Fundi alimtazama kwa huruma, huruma ya mtu aliyezoea kuwaambia watu kwamba picha zao hazirudi. "Laptopu hii haijaingia intaneti mwaka mzima. Lakini imechomekwa flashi. Folda yote ya michoro imenakiliwa, mara nne, na siku zake zimeandikwa. Kilichotoka humu, dada, kimetoka kwa mkono."

Hapo ndipo uzuri wa mtandao ule ulipomgeukia. Mtandao mkubwa una huruma zake: una wajuaji, wadukuzi, watu wa mbali usiowajua sura, unaweza kuwalaumu mpaka ukalala. Mtandao wa watu wawili hauna pa kutupia lawama. Kama si wewe, ni yule mwingine.

Hata hivyo hakutaka kumvamia. Alijiambia, na hili alilisema kwa sauti huku anazipanga patasi, kwamba Mziwanda akikiri mwenyewe atamsamehe. Atamfokea, atanuna wiki, halafu yataisha. Alikuwa ameshaupanga na msamaha wenyewe. Kitu kimoja tu alikihitaji kwake, ukweli, na ukweli haukuhitaji hata kuwa mrefu.

Mziwanda alirudi na bawaba, akakuta dada yake amekaa kwenye kiti cha wateja.

"Mdogo wangu, mchoro wa lile kabati la mguu uliopinda umetoka nje. Nimeliona limetengenezwa. Unadhani umetokaje?"

Hakushtuka. Hilo alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote, kwamba hakushtuka. Aliweka bawaba mezani taratibu, akakuna shingo.

"Labda kuna mtu ameingia kwenye mtandao wetu, dada. Watu siku hizi wanaiba hata hewani."

Bi Sentimita alikuwa anampa nafasi.

"Au," Mziwanda alisema, akishusha sauti na kutupa jicho kuelekea uani, "sipendi kumsema mtu. Lakini Babu Randa mara nyingi namkuta amesimama hapa mezani. Yule mzee si wa kumwamini sana."

Uani randa ilikuwa inasikika, inakwenda na kurudi. Yule mzee hajui laptopu inawashiwa wapi. Akisimama mezani pale anakuwa anasubiri mtu amsomee namba, kwa sababu haoni tena. Alimbeba Mziwanda mabegani siku ya mazishi ya baba yao, kutoka makaburini mpaka nyumbani, mtoto amelala na mate yanamtoka kwenye kola yake. Bi Sentimita alihisi msamaha wote alioupanga unamwagika, na mikono yake haikujaribu kuuzuia.

"Uliniambia mtandao huu ni wa watu wawili," alisema.

"Ndiyo, lakini..."

"Nimemleta fundi. Ameona flashi, mara nne. Na kabati lao limezidi sentimita moja kila mahali, Mziwanda. Kila mahali. Hukuwaambia habari ya utepe."

Mziwanda hakuwa amewaambia kwa sababu haikumpitia akilini. Alikua mle ndani, na mtu haelezi jambo ambalo kwake ni la kawaida. Alivuta kiti akakaa, na alipoongea sauti ya wateja ilikuwa imemtoka.

"Wamenipa ubia. Jina langu litaandikwa kwenye kibao chao."

"Na hapa?"

"Hapa mimi ni mdogo wake Bi Sentimita. Nina miaka ishirini na tisa, dada. Wateja wakiingia wananiuliza mwenyewe yuko wapi."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba nini? Kila nilichonacho umenipa wewe. Nimechoka kupewa."

Ni maneno ambayo mtu anaweza kuyaelewa, tena si ya kijinga, na huenda siku nyingine Bi Sentimita angeyaelewa. Siku ile aliyasikia kama mlango unaofungwa usoni. Alimuuliza swali moja tu zaidi: kwa nini Babu Randa. Mziwanda alitazama bawaba. Alikuwa na heshima ya kutosha asimtungie uongo wa pili. Alichukua koti lake akatoka kwa mlango wa mbele. Laptopu aliiacha inawaka.

Bi Sentimita hakulia. Alimwambia Babu Randa kwamba anaumwa kichwa, akatundika aproni yake kwenye msumari, akaenda kwa mama. Alitembea haraka, anayameza maneno yasimtoke njiani, maana kuna mambo ambayo mtu hayalilii popote ila pale alipozaliwa. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Walikuwa na ndugu wengine, wahenga.

Mama alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, anashona vifungo vya gauni lake la kutokea. Bi Sentimita alivua viatu, akakaa kwenye kigoda, kile cha mchoro wa kwanza, akashika magoti yake.

"Mama, Mziwanda ameniumiza. Michoro yangu—"

"Nilimwambia akwambie mwenyewe," mama alisema, bila kuinua kichwa.

Ilimchukua muda kulisikia neno hilo. Lilikuwa limesemwa kwa upole, kama mtu anayesema mvua imekatika.

"Ulijua?"

"Alikuja kuniuliza, miezi miwili iliyopita. Nilimwambia, mwambie dada yako. Akasema atakwambia."

"Na ulipoona hajaniambia? Nimekuja hapa kila Ijumaa, mama. Nimekaa hapa hapa. Umeniuliza habari za kazi, nikakwambia kazi ni nzuri."

Mama aliishusha sindano. Hakuwa na uso wa mtu aliyekamatwa na kosa. Alikuwa na uso wa mtu aliyechagua, akachagua zamani, na haoni la kuficha.

"Ningefanya nini, mwanangu? Wewe una mikono yako. Wakikunyang'anya michoro yote, kesho utachora mingine, nakujua. Yule hana mbele wala nyuma. Wewe sikuwahi kukuhofia hata siku moja. Yeye ana nini?"

Miaka yote Bi Sentimita alikuwa ameyachukua maneno kama hayo kuwa sifa. Wewe una nguvu, wewe utaweza, wewe huna shida. Sasa aliyasikia yalivyo: kwamba nyumbani kwao anayeweza ndiye anayeibiwa, na hakuna anayeona ni wizi.

"Alikuwa na mimi, mama," alisema.

Mama aliokota kifungo akakishika kwenye kitambaa, asikishone. Nje mtu alikuwa anafagia. Bi Sentimita alisubiri mama aseme neno, lolote, hata jina lake tu, na alipoona amesubiri vya kutosha alivuta viatu vyake akaanza kuvivaa.